Kabla ya Kununua Nyumba ya Marehemu

Miongoni mwa masuala yanayotufikia mara kwa mara barazani baada ya sala ni la nyumba iliyonunuliwa kwa fedha ya halali, kisha likazuka dai. Mnunuzi aghalabu ni mtu mwema. Amejinyima miaka mingi, mkewe ameuza dhahabu zake, na mkononi ana karatasi iliyotiwa sahihi na muuzaji, shahidi akiwa dalali yule yule aliyelipwa ujira. Hati miliki bado ina jina la marehemu.

Natuchukue mfano. Mtu amefariki akaacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa hukumu za Suratun Nisaa, mke ana thumni. Sehemu saba zilizosalia ni za watoto, kila mwana wa kiume mbili, kila binti moja. Nyumba basi ni mafungu manane, na manne kati yake ni ya wanawake. Kaka mkubwa, aliyebaki na funguo, akaiuza yote. Yeye ana mafungu mawili tu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtu hauzi asichomiliki wala asichoruhusiwa kuuza. Mauzo yake hupita katika fungu lake, na yaliyobaki ni batili. Mnunuzi amelipa thamani ya nyumba nzima akapata robo, na mjane yumo ndani.

Mabinti huambiwa, "Nyinyi mmeshaolewa, mna waume zenu." Hunyamaza kwa kuchelea kukata udugu, nasi tumewaona wazee wakiuhesabu ukimya huo kuwa ridhaa. Si ridhaa.

Sheria ya nchi haiko mbali na hayo. Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, imetuachia Waislamu kugawana kwa sharia yetu, lakini inakataza kuuzwa ardhi au nyumba ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Anayeiingilia mali hiyo bila idhini ana kosa la jinai, linaloweza kumfunga hadi mwaka mmoja. Mahakama ya Kadhi ndiyo itakayotaja warithi na mafungu yao. Hilo lifanyike kabla ya bei kuzungumzwa, wala si baada ya kugombana.

Hapa Pwani pana na jambo jingine: nyumba bila ardhi. Mitaa kama Majengo, Mombasa, mwenye kuta si mwenye kiwanja, na humlipa mwenye ardhi kodi. Anayenunua nyumba ya namna hiyo amenunua kuta na mapaa tu. Amtafute mwenye ardhi, apate idhini yake kwa maandishi, na aulize kama kiwanja ni cha wakfu, kwani hicho hakiuzwi. Tume ya Wakfu ipo na huulizwa.

Wala hati miliki peke yake isimlaze mtu usingizi. Mwaka 2023 Mahakama ya Upeo iliamua shauri la kiwanja cha ufuoni Nyali: mnunuzi alikuwa na hati, lakini ugawaji wa kwanza haukufuata taratibu, na hati yake haikumkinga. Basi mwombe wakili wako, asiyekuwa wa muuzaji, apekue daftari la ofisi ya ardhi na afuatilie kiwanja tangu kilipogawiwa mara ya kwanza. Ujira wake ni mdogo ukilinganishwa na nyumba.

Na aliyekwisha kununua? Asianze kuvunja na kujenga. Awaite warithi wote, mjane na mabinti wakiwemo, waende kwa Kadhi mafungu yajulikane. Mirathi ikishathibitishwa mahakamani, walio radhi wamuuzie upya kwa mkataba ulioandikwa, kila sahihi ikiwa na shahidi aliyekuwapo, na kila mwanamke apokee fedha yake mkononi mwake mwenyewe. Asiyeridhia halazimishwi, kwa fungu hilo mnunuzi amdai aliyempokea fedha zake.