Kabla ya Kulipia Darubini

Hapa Mbalibali tulichanga kidogo kidogo, fedha za mihogo na mahindi, ili watoto wetu wapate darubini. Muuzaji akaleta moja. Boksi lilisema inakuza mara 525! Tukamwambia: tutalipa baada ya kuijaribu usiku.

Tuliiacha nje nusu saa ipoe, maana yenye joto la nyumbani hutikisa picha. Tukaanza na mwezi nusu. Mwezi mpevu haufai, kwani vivuli vya milima na mashimo huonekana vizuri penye mpaka wa nuru na giza. Kwa lenzi ya kukuza kidogo vivuli vilikatika kama kwa wembe. Tulipoweka ile ya kukuza sana, mwezi ukawa uji.

Sayari ya Mshtarii nayo ikatuambia hayohayo. Kwa lenzi ndogo tuliona mikanda miwili ya giza na miezi 4, ile aliyoigundua Galileo mwaka 1610. Kwa ile kubwa, kila tulivyozungusha hatukupata mahali picha inapotulia. Pete za Zohali, zilizomchanganya Galileo mwenyewe, zilionekana kwa lenzi ndogo tu.

Tukapima kioo cha mbele: milimita 60. Darubini huvumilia kukuza takriban mara mbili ya hesabu hiyo, yaani 120. Kioo kilikuwa kizima. Boksi ndilo lililodanganya. Tulimrudishia muuzaji lenzi kali, naye akapunguza bei.

Watoto tumewakataza kabisa kuielekeza kwenye jua, kwani hupofusha mara moja.