Bakteria wa Maharage na Mfuko wa Yurea

Kwenye vikao vya kamati huulizwa kwa nini vikundi vya maharage havinunuliwi yurea kama wakulima wa mahindi. Swali ni la haki, maana fedha ni za wachangiaji.

Jibu limo mizizini. Hata kwenye bustani ya nyuma ya nyumba hapa Rusimbi, chimbua taratibu shina la maharage linaloanza kutoa maua, utaona vinundu. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu kama nyama, bakteria waitwao rhizobia wamo kazini. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi kazi.

Bakteria hawa wamerithi jeni za aina mbili muhimu. Mzizi hutoa kemikali inayoamsha jeni za nod; bakteria naye hujibu kwa ishara yake, ndipo mzizi unampokea na kumjengea kinundu. Humo, oksijeni ikishapungua, huamka jeni za nif. Hizi hubeba maelekezo ya kutengeneza kimeng’enya cha kugeuza naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa, kuwa amonia inayolisha mmea. Oksijeni hukiharibu kimeng’enya hicho, na ule wekundu ni protini inayoidhibiti, ndugu wa ile ya damu yetu.

Kazi hii hula nguvu nyingi, na sukari yote hutoka kwa mmea. Kwa hiyo ukimwaga yurea, mmea hupata naitrojeni bila gharama hiyo na kupunguza vinundu. Bakteria wengine waishio huru udongoni, kama Klebsiella, huzima wenyewe jeni za nif amonia ikiwa tele.

Kinachohitajika zaidi ni fosforasi, ndiyo maana tunapendelea fosfati ya Minjingu, ambayo huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali.

Tusitie chumvi, lakini. Maharage ni mvivu kuliko kunde na soya, na kwenye udongo uliochoka sana naitrojeni kidogo ya kuanzia husaidia. Soya nayo mara nyingi hukosa bakteria wake udongoni. Chuo Kikuu cha Sokoine kiliwahi kuwatengeneza kwa jina la Nitrosua, na Kenya ipo Biofix. Kamati itakayoagiza ikumbuke kuwa hao ni viumbe hai: pakiti isisafirishwe juu ya basi, na mbegu zichanganywe kivulini, zipandwe siku hiyohiyo.