Springi Ngumu na Gurudumu Linaloning'inia

Gari linaloteremka mlima Sekenke, wilayani Iramba, hushikwa na barabara kwa matairi yake tu. Tairi likiacha ardhi, breki na usukani havina kazi.

Springi hubeba uzito. Shokapu huzima mtikisiko. Zipo springi fupi za bei nafuu zinazovishwa juu ya shokapu, na kimo chake hurekebishwa kwa kuzungusha pete yenye hesi. Nyingi ni ngumu. Ikiwa springi inabeba kilo 300, ile inayobonyea milimita 1 kwa kila kilo 2 hubonyea milimita 150. Ile inayohitaji kilo 6 hubonyea 50 tu. Hivyo, katika shimo lenye kina zaidi ya hapo, springi ngumu huwa imekwisha kunyooka, na gurudumu huning'inia.

Fundi makini hupima kimo cha gari juu ya kila gurudumu kabla na baada ya kufunga, hupanga upya magurudumu, kisha hukandamiza kila pembe ya gari na kuiachia. Ikipanda mara moja na kutulia, shokapu inaimudu springi. Ikiendelea kurukaruka, haifai. Baada ya siku chache hukaza boliti na kupima tena, kwani springi dhaifu hulala.