Tembe la Kwihara: Nyumba iliyobeba jina la mgeni

NDUGU msomaji, kilomita zipatazo sita kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, ipo nyumba ya udongo yenye paa bapa, ua katikati na mlango wa mbao uliotiwa nakshi. Nyumba ya namna hiyo huitwa tembe. Leo ni makumbusho madogo, na wengi huijua kwa jina la Tembe la Livingstone.

Jina hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Dkt. David Livingstone alikaa hapo miezi sita tu, tangu Februari 18 hadi Agosti 25, 1872, akisubiri watu na vifaa kutoka pwani. Kabla yake, Juni 1871, alikaribishwa hapo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa njiani kumtafuta. Aliyempokea ni Said bin Salim, liwali wa Waarabu wa Unyanyembe, ambaye hapo nyuma aliwahi kuwa mkuu wa msafara wa Burton na Speke. Nao hao wawili, walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, mwenyeji wao alikuwa Sheikh Snay bin Amir.

Hivyo basi, Wazungu ambao majina yao yamejaa vitabuni walipokewa na kuhifadhiwa na Waislamu wasioshirikiana nao dini wala nchi. Kumkirimu mgeni ni katika mafundisho ya Mtume Muhammad (SAW), na jambo hilo linastahiki kutajwa katika nyumba ile.

Hata hivyo, haki haitimii kwa kutaja mazuri peke yake. Njia iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipitisha pembe za ndovu, nguo na shanga, na ilipitisha pia wanaadamu waliofungwa minyororo. Julai 1871, Livingstone alishuhudia huko Nyangwe, katika Kongo ya leo, watu wa wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi raia waliokuwa sokoni. Aliyeilaani biashara hiyo kwa kalamu yake, alilala chini ya paa la wafanyabiashara wa njia ile ile.

Je, Muislamu asimame wapi mbele ya historia hii? Wapo wanaoikana kabisa, kwa kuhofia kuwa inautia doa Uislamu. Wapo nao wanaoifanya kuwa ndiyo historia yote ya Waislamu wa bara. Makundi yote mawili yamekosea. Katika Surat An-Nisaa tumeamrishwa kuwa mashahidi wa haki, hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zetu. Katika Surat Al-Balad, kumkomboa mtumwa kumetajwa kuwa ni katika njia ngumu ya wema. Mwenye kuusoma Uislamu hahitaji kumtetea mtu aliyemuuza mwenzake. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na huku Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu. Huo si wakati wa mbali sana.

Aidha, lipo kundi la tatu linalosahauliwa na pande zote, nao ni wapagazi. Wanyamwezi walikuwa mashuhuri kwa kazi hiyo, na wengi wao waliifanya wakiwa huru, kwa ujira. Livingstone alipofariki Mei 1, 1873, katika nchi ya Zambia ya leo, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake, wakapita Unyanyembe na kufika Bagamoyo Februari 1874. Bila ya mabega yao, wasingekuwapo wasafiri wa kusifiwa.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii, Kwihara ikiwamo, katika orodha ya awali ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza yawe Urithi wa Dunia. Walimu wa madrasa na wazazi wa Tabora wawapeleke vijana wao. Nao wakifika, wasiishie kuuliza nani alilala hapa. Waulize nani aliijenga, nani alibeba mizigo, na nani alipita mlangoni akiwa amefungwa. Qur'ani imetuhimiza tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia, na kuangalia huko kunataka macho yote mawili.

Wallahu a'alam.