Kitufe Kidogo na Mota Kubwa

Bila shaka umewahi kupeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga. Kama mashine hiyo inaendeshwa kwa umeme, tazama ukutani. Utaona sanduku lenye vitufe viwili. Kitufe cha kijani ni cha kuwashia. Kitufe chekundu ni cha kuzimia. Mwendesha mashine anabonyeza cha kijani kwa kidole kimoja. Unasikia "tak!" ndani ya sanduku, na mota inaanza kuzunguka.

Je, umeme wote wa mota unapita chini ya kidole kile? Hapana.

Mota kubwa ya kusagia hutumia umeme wa njia tatu, wenye volti 400. Mota ya kilowati 15 huvuta ampea 30 hivi. Wakati wa kuanza huvuta mara tano au sita zaidi. Kitufe kidogo kikipitisha umeme huo kitaungua. Mtu akiugusa anaweza kufa.

Kwa sababu hiyo mafundi hutenganisha umeme wa mota na umeme wa vitufe. Katika baadhi ya masanduku umeme wa vitufe ni volti 24 tu. Hutoka kwenye transfoma ndogo. Lakini yako masanduku ambayo vitufe vyake hupitisha volti 230 au hata 400, na kwa macho huwezi kuyatambua. Kwa hiyo usiguse waya wowote.

Umeme mdogo unawezaje kuamrisha umeme mkubwa? Mtoto hawezi kuwasukuma ng'ombe ishirini. Lakini anaweza kufungua mlango wa zizi, nao wakatoka wenyewe. Mlango wa umeme huitwa kontakta. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye chuma. Umeme mdogo ukipita katika waya huo, chuma kinakuwa sumaku. Sumaku inavuta chuma cha pili, nacho kinaunganisha njia tatu za mota. Ile "tak!" ni sauti ya vyuma hivyo vikikutana. Umeme mdogo ukikatika, sumaku inakwisha. Springi inavirudisha vyuma nyuma, na mota inasimama.

Ukiondoa kidole kwenye kitufe cha kijani, mota haisimami. Kontakta ina njia nyingine ndogo ya kujishikilia yenyewe. Lakini umeme wa kijiji ukikatika, kontakta inaachia. Umeme ukirudi, mota inabaki kimya mpaka mtu abonyeze tena. Wengine hudhani mashine ni mbovu. Si mbovu. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi.

Fikiri jambo hili. Umeme umekatika. Mwendesha mashine amefungua kinu ili atoe mahindi yaliyokwama. Mkono wake uko kwenye nyundo za chuma. Mara umeme unarudi. Kama mota ingeanza yenyewe, mkono ungekatika.

Mtu akichomeka kijiti kwenye kitufe cha kijani ili kisirudi, ameondoa kinga hiyo. Tena kitufe chekundu hakitamsaidia sana. Mota itazima wakati kidole kiko juu yake tu. Akiondoa kidole, itaanza tena. Kuikaza kontakta yenyewe kwa kipande cha mti ni vibaya zaidi. Hapo kitufe chekundu hakifanyi kazi kabisa. Hata kifaa kinachozima mota inapopata moto hakiwezi kuizima. Ukiona kijiti mahali hapo, mwambie mwenye mashine kabla hujatoa debe lako.

Na wewe unayeendesha mashine, usifungue kinu kwa kutegemea kitufe chekundu. Volti 400 bado zinangoja mlangoni mwa kontakta. Zima swichi kubwa ya ukutani, ifunge kwa kufuli, na ufunguo uuweke mfukoni mwako. Kisha ngoja mpaka nyundo zisimame kabisa.