Cheti cha Nishati Kianzie kwenye Bati

Malaba ni mji unaoishi kwa karatasi. Lori lililotoka Mombasa na shehena ya Kampala halivuki mpaka hadi hati za forodha zikamilike, na Sheria ya Viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inataka bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ipokelewe Uganda, na yenye alama ya UNBS, mwenzake wa Uganda, ipokelewe Kenya. Hata friji inayoshushwa dukani inatakiwa, kwa kanuni za Kenya za 2016, kubandikwa lebo ya nyota zinazoonyesha ulaji wake wa umeme. Nyumba itakayowekwa friji hiyo haidaiwi chochote. Ploti za vyumba vya kupanga, gesti za madereva, maghala na ofisi za mawakala wa forodha hujengwa, hupangishwa na kuuzwa bila yeyote kulazimika kusema zinakula nishati kiasi gani au zinashika joto kiasi gani. Pengo hilo linafaa kuzibwa, lakini cheti kitakacholeta faida mpakani itabidi kipime kitu tofauti na kile ambacho vyeti vingi vya duniani vimezoea kupima.

Vyeti hivyo vilizaliwa kwenye baridi. Uingereza ilianza na BREEAM mwaka 1990, na Umoja wa Ulaya ukapitisha agizo la mwaka 2002 lililozitaka nchi wanachama ziwape wanunuzi na wapangaji hati ya nishati ya jengo. Adui mkuu alikuwa gharama ya kupasha nyumba joto. Afrika Mashariki mfumo uliotia mizizi zaidi ni EDGE, wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) lililo chini ya Benki ya Dunia, unaodai jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Hosteli za wanafunzi za Qwetu jijini Nairobi zimepata cheti hicho, na mwenyewe, kampuni ya Acorn, alikopa shilingi bilioni 4.3 mwaka 2019 kwa hatifungani ya kijani, ya kwanza ya aina yake nchini. Hapo ndipo siri ilipo: cheti kimefuata mkopo mkubwa. Mwenye ploti ya vyumba kumi Malaba, anayejenga kidogokidogo kwa akiba na chama, hana mwekezaji mkubwa wa kumridhisha.

Sheria nayo inampita juu kwa juu. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zinalazimisha ukaguzi kila baada ya miaka mitatu, na utekelezaji wa angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa, lakini ni kwa majengo yanayotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka. Tuchukue gesti ya vyumba ishirini, kila chumba kikiogewa mara mbili kwa siku kwa shawa ya umeme ya kilowati tano inayowaka dakika kumi. Hizo ni kama yuniti 33 kwa siku, takribani 12,000 kwa mwaka. Zingehitajika gesti kumi na tano za namna hiyo, kwa upande wa maji ya moto, ndipo mkaguzi mmoja abishe hodi. Kanuni nyingine za mwaka huohuo wa 2012, zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafunge mitambo ya jua, zingezigusa gesti hizo moja kwa moja. Wajenzi walizipinga, na baadaye zikafutwa.

Jibu la haraka lingekuwa kushusha kiwango hicho cha yuniti 180,000 na kuhesabu yuniti za kila nyumba. Hapo tungepotea njia. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye balbu moja, redio na simu inayochajiwa hutumia umeme kidogo mno, kwa hiyo cheti kinachosoma mita peke yake kingekipa alama ya juu kabisa, hata kama saa nane mchana hakikaliki. Ufukara ungeandikwa kuwa ni ufanisi. Jambo hili limeonekana hata Ulaya: mwaka 2012 watafiti wa Cambridge, Minna Sunikka-Blank na Ray Galvin, walionyesha kwamba kaya za Ujerumani zilitumia kwa wastani asilimia 30 pungufu ya nishati ya kupasha joto iliyokadiriwa na vyeti vya nyumba zao, na kadiri nyumba ilivyokuwa mbovu ndivyo pengo lilivyopanuka. Watu hawakuwa na nyumba nzuri, walikuwa wanajibana. EDGE, kwa sifa yake, inalitambua tatizo hili: jengo lisilo na kiyoyozi mahali penye joto huhesabiwa nishati ambayo lingehitaji ili likalike. Hilo ndilo wazo la kuchukua, kuliko lebo za Ulaya zenye herufi na rangi.

Joto la Malaba linaingilia wapi? Mji uko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo karibu na Machi na Septemba jua la adhuhuri linasimama utosini, na miezi iliyobaki haliendi mbali. Kuta za kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi na upenu. Za mashariki na magharibi huchomwa asubuhi na jioni. Paa halina pa kujificha. Siku ya anga safi, kila mita ya mraba ya paa hupokea karibu wati 1,000 adhuhuri. Chumba cha kumi kwa kumi kina mita za mraba tisa na ushei, na bati la rangi iliyokolea, tuseme damu ya mzee, hufyonza takribani asilimia 80 ya mwanga huo: zaidi ya kilowati saba. Jeupe lililo safi hufyonza kama asilimia 30, chini ya kilowati tatu. Sehemu kubwa ya joto hilo huchukuliwa na upepo au hurudi angani, lakini upande wa chini wa bati nao unamulika. Bati lililofika nyuzi 60 hutuma kwa waliomo ndani karibu wati 200 kwa kila mita ya mraba zaidi ya silingi iliyo na nyuzi 30 tu. Kwa chumba kizima hizo ni kama pasi mbili za umeme zilizoachwa zikiwaka juu ya vichwa vya watu. Feni haisaidii sana hapo, maana inasukuma hewa ilhali joto linakuja kwa miale. Silingi inaikata miale hiyo. Karatasi ya alumini inayong'aa chini ya bati hukata zaidi. Na bado mnunuzi dukani huuliza geji na rangi, ishirini na nane au thelathini, kijani au kijivu. Geji hueleza unene. Kuhusu joto haisemi lolote.

Usiku wa Malaba hupoa vizuri, na nyumba ingeweza kujipoza bure kwa kufungua madirisha. Lakini kaunti ya Busia, ambamo mji huu umo, iko katika ukanda wa ziwa ambako malaria imekita, kwa hiyo madirisha hufungwa jioni na joto la mchana hubaki ndani. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 katika Malaria Journal yalikuta kwamba usumbufu, hasa joto, ni miongoni mwa sababu zinazotajwa mara nyingi na watu wasiolala ndani ya neti. Kwa hiyo wavu wa dirishani na rangi ya bati vinastahili kukaa kwenye cheti kimoja. Mhandisi wa Ulaya asingefikiria kuviweka pamoja, na hatumlaumu.

Kuna watakaosema hoja nzima ni ya bure, kwa kuwa karibu sehemu tisa kati ya kumi za umeme unaozalishwa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Ni kweli, na kwa upande wa hewa ukaa hoja hiyo ina uzito. Ila inasahau saa. Mahitaji hupanda jioni, watu wanaporudi nyumbani, na ndipo mitambo ya mafuta huwashwa na umeme wa nchi jirani kuagizwa. Nyaya kutoka Tororo, Uganda, zimekuwa zikivusha umeme wa bwawa la Owen Falls kuja Kenya tangu miaka ya 1950. Kipato kikipanda, feni na viyoyozi vitanunuliwa, na paa lililoezekwa leo litakuwa bado lipo miaka thelathini ijayo likiamua ukubwa wa bili. Bili yenyewe inalipwa na mpangaji kwa tokeni, wakati paa lilichaguliwa na landilodi. Mmoja anaamua, mwingine anagharamia, na soko haliwezi kurekebisha hilo ikiwa mpangaji anakiona chumba saa mbili asubuhi kikiwa bado na ubaridi.

Majengo ya biashara yanahitaji kipimo kingine. Benki, supamaketi na ofisi za mpakani tayari zina viyoyozi, kwa hiyo mita zao zinasema kweli. Zifuate mfano wa NABERS ya Australia, inayotoa nyota kwa matumizi halisi ya miezi kumi na miwili badala ya ahadi za mchoro. Jengo lenye kioo kizima kinachotazama magharibi litajieleza lenyewe.

Kwa nyumba za kupanga, wasiwasi mkubwa ni gharama na mlungula: cheti cha mtaalamu kinaweza kuzidi kodi ya miezi kadhaa, na kinaweza kununuliwa. Dawa ni kukagua vitu ambavyo jicho linaviona na mpangaji anaweza kuvihakiki mwenyewe, yaani rangi ya bati, silingi, urefu wa upenu, wavu, na mkao wa dirisha. Kaunti tayari huidhinisha michoro chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019; ukurasa mmoja zaidi hautamfilisi mtu. Atakayesema bati jeupe litachafuka kwa vumbi na moshi wa malori ana haki, ndiyo maana baraza la Marekani linalopima mapaa hutangaza pia kiwango cha bati kurudisha mwanga baada ya miaka mitatu nje, na cheti chetu kitumie hicho cha pili. Suala gumu ni adhabu. England na Wales, tangu Aprili 2018, huzuia mikataba mipya ya kupangisha nyumba zilizo chini ya daraja E. Malaba katazo kama hilo lingefunga vyumba ambavyo ndivyo pekee wabeba mizigo na wauza matunda wanavyovimudu. Kwa miaka ya mwanzo itoshe ukurasa huo ubandikwe mlangoni, na kodi ijadiliwe huku pande zote mbili zikiusoma.