Pikipiki ya Kwenda Kaskazini: Ipi Imfaayo Msafiri?

Mtu anunuapo pikipiki ya kwendea sokoni, akikosea kuchagua hupoteza fedha tu. Ikimharibikia ataisukuma mpaka kwa fundi, au ataiacha kwa jirani arudi nyumbani kwa miguu. Lakini yule anunuaye pikipiki kwa safari ya Kaskazini mwa Kenya, apite Marsabit, avuke jangwa la Chalbi na kushuka Ziwa Turkana, hana jirani wala hana fundi katika sehemu kubwa ya njia yake. Huko chombo kikisimama, mwenye chombo husimama nacho, na kiu haimngojei. Kwa hiyo yampasa achague kwa akili, si kwa macho.

Zamani za ukoloni nchi hiyo ilifungwa, na mtu wa kutoka nje hakuingia bila kibali cha serikali. Siku hizi njia i wazi, na wanaoifuata ni wengi: waalimu na wauguzi waliopelekwa kazini, wafanyabiashara wa mifugo, maofisa wa kilimo, na watu ambao hamu yao ni kuiona nchi yao tu. Wengi wao huuliza swali moja: Je, pikipiki gani itafaa? Jibu la swali hilo halianzi dukani. Huanzia njiani.

NJIA ILIVYO

Kutoka Nairobi mpaka Moyale ni mwendo wa kilomita 780 hivi, na tangu lami ilipokamilika katika miaka ya 2010 njia hiyo haina tena sifa yake ya zamani ya kuvunja magari. Archer's Post, Laisamis, Marsabit, Turbi: kote huko pikipiki yoyote nzima yaweza kupita. Mtu ambaye safari yake yaishia katika lami hana haja ya kusumbuka sana. Na akivuka Moyale kuingia Ethiopia, akumbuke tu kwamba huko vyombo hupita mkono wa kulia.

Mambo hubadilika pale msafiri aiachapo lami pale Marsabit na kuelekea magharibi, kwenda Maikona, Kalacha na North Horr, kisha Loiyangalani iliyo kando ya ziwa. Mwendo huo ni takriban kilomita 280. Kwanza kuna mawe meusi yaliyotapikwa na milima ya moto ya kale. Kisha kuna Chalbi, ambayo zamani sana ilikuwa ziwa, na sasa ni uwanda wa chumvi na udongo mgumu ulio sawa kama sakafu. Wakati wa kiangazi mtu hukimbia juu yake bila taabu. Ikinyesha mvua, uwanda huo hugeuka tope, na yapo mahali ambapo juu hukauka upesi ilhali chini mngali matope, hata gurudumu likazama ghafula. Baada ya Chalbi huja mchanga wa mito mikavu, na baada ya mchanga huja mawe tena.

Kutoka Loiyangalani kwenda kusini kuna jambo jingine, nalo ni upepo. Upepo uvumao katikati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiro ni mkali hata mitambo 365 ya kuzalisha umeme imesimamishwa pale Sarima ili kuutumia. Upepo wenye nguvu za kuzungusha mitambo hiyo hauoni shida kumsukuma mpanda pikipiki nje ya njia, hasa ikiwa pikipiki yake ni ndefu na mzigo umerundikwa juu. Mbele yake zipo South Horr, Baragoi na Maralal, njia za mlima na korongo.

Hiyo basi ndiyo kazi inayotakiwa: mawe, mchanga, tope, upepo, na upweke. Tutazame sasa chombo.

UZITO NI ADUI WA KWANZA

Watu wengi hudhani kwamba safari kubwa hutaka pikipiki kubwa. Huona picha za wageni waliopanda pikipiki kama BMW R1250GS, yenye masanduku ya madini ubavuni, wakaamini kwamba bila chombo cha namna hiyo hakuna safari. Ni kweli kwamba chombo hicho ni kizuri sana katika lami. Hakichoki, wala hakimchoshi mpandaji. Lakini uzito wake, tangi likiwa limejaa, wakaribia kilo 250, kabla ya kupakiwa hata blanketi. Ikianguka mchangani saa saba za mchana, mtu mmoja aliyechoka ataiinua mara moja, pengine mara mbili. Mara ya tano hataweza. Na katika mchanga, mtu asiye na mazoea huanguka zaidi ya mara tano.

Upande mwingine zipo pikipiki za kila siku, kama Bajaj Boxer ya sentimita za ujazo 150, ambazo bodaboda wamezijaza kila mji na kila kijiji. Uzito wake ni kama kilo 120 hivi, na mtu wa kawaida huiinua peke yake. Haina mbio nyingi, na katika mawe miguu yake mifupi humpiga mpandaji mgongo. Magurudumu yake ni madogo, na bamba la tope la mbele likiwa limeshuka karibu na tairi, udongo wa Chalbi hujaa humo mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Hata hivyo wenyeji huifikisha North Horr na kurudi nayo, nao hawafiki kwa miujiza. Hufika kwa kwenda polepole na kwa kukijua chombo chao.

Katikati ya hizo mbili zipo pikipiki zilizoundwa kwa njia mbaya. Yamaha AG200, mathalan, ilitengenezwa kwa watu wa mashamba. Mnyororo wake umefunikwa wote usiingiwe na mchanga, ina stendi kulia na kushoto, ina kerieri mbele na nyuma, na huwashwa kwa umeme au kwa kupiga teke. Haina fahari yoyote, na ndiyo sababu imedumu katika kazi za mashirika na za serikali. Kwa mtu mwenye mwili mkubwa au mzigo mwingi ipo Suzuki DR650, ambayo ijapokuwa injini yake ni kubwa, uzito wake ni kama kilo 166 tu, na injini hiyo hupozwa kwa hewa na oili, haina rejeta ya maji ya kutobolewa na jiwe.

Ipo njia rahisi ya kumaliza ubishi wote wa uzito. Kabla ya kutoa fedha, msafiri aipakie pikipiki mzigo anaokusudia kwenda nao, ailaze chini mahali penye mchanga, kisha aiinue peke yake mara tatu mfululizo. Ikimshinda, basi hiyo si yake, hata kama rafiki yake amezunguka nayo Afrika nzima. Wazee walisema, usisafirie nyota ya mwenzio.

PETROLI NA MAJI

Baada ya uzito, hesabu ya tangi. Pikipiki ya sentimita 150 hutembea kilomita 40 au zaidi kwa lita moja katika njia nzuri. Mchangani, kwa gea ya chini, hesabu hiyo hushuka, na mtu mwenye busara huhesabu 30. Tangi la lita 11 basi litampeleka kilomita 330, nayo yatosha kutoka Marsabit mpaka Loiyangalani, ikiwa hakupotea njia. Pikipiki kubwa inayokula lita moja kwa kilomita 17 katika lami, na zaidi ya hapo mchangani, itahitaji lita 20 au hata zaidi kwa mwendo ule ule. Na kila lita ya akiba nayo ni uzito.

Njiani petroli yaweza kupatikana madukani kwa chupa na jerikeni, lakini asiitegemee. Pengine imekwisha, pengine ina taka. Kwa hiyo achukue kitambaa safi cha kuichujia. Lita tano za akiba, zikifungwa chini ubavuni mbali na injini, si nyingi.

Maji ndiyo yasiyo na mjadala. Mtu achukue lita kumi kwa uchache, azigawe katika vyombo viwili, ili kimoja kikitoboka kingine kibaki. Asitazamie Ziwa Turkana kumwondolea kiu, maana maji yake ni ya magadi, na mamba wamo. Akiba haiozi.

PIKIPIKI AMBAYO FUNDI ANAIJUA

Jambo la tatu ndilo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Pikipiki ya safari ya mbali hupimwa mahali itakaposimama, si mahali itakapokimbia. Waya wa klachi ukikatika Baragoi, mwenye Boxer au TVS atapata mwingine dukani, au atauvua katika pikipiki ya bodaboda kwa mapatano. Mwenye chombo cha fahari kilichojaa vifaa vya umeme atangoja kipuri kitoke Nairobi, au ng'ambo, na pikipiki yake itasafiri ikiwa juu ya lori pamoja na mbuzi.

Kwa hiyo sifa zifuatazo zatafutwa katika pikipiki ya Kaskazini. Injini iwe ya kupozwa kwa hewa, maana kilichokosekana hakiharibiki. Iwe na teke la kuwashia, kwa siku ambayo betri itakataa. Rimu ziwe za spoki, kwa kuwa spoki ikigongwa na jiwe hupinda na kunyoshwa, ilhali rimu ya kuyeyushwa hupasuka. Kabureta haina sifa nyingi siku hizi, lakini fundi yeyote aweza kuifungua kando ya njia, akaisafisha na kuirudisha. Bamba la mbele liwe juu, mbali na tairi. Na chujio la hewa liwe mahali linapofikiwa kwa urahisi, maana vumbi ndilo liuwalo injini kimyakimya, na chujio huhitaji kusafishwa kila jioni.

Vipuri vya kuchukua havizidi mfuko mmoja: tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, vyuma vya kung'olea tairi, plagi, waya wa klachi, kiungo cha mnyororo, fyuzi, oili lita moja, na spana zinazoingia katika nati za pikipiki hiyo. Lakini vipuri bila ujuzi ni mzigo tu. Kabla ya safari mtu aitoe gurudumu la nyuma nyumbani kwake, kwa spana zile zile atakazokwenda nazo, azibe tyubu na kulirudisha. Akishindwa uani kwake, kivulini, na chai ipo mezani, atawezaje penye jua la Chalbi?

MZIGO NA WENZI

Wagabra na Warendille, ambao tangu zamani huhama na ngamia katika nchi hiyo, hupakia mzigo sawasawa pande mbili za mnyama. Mpanda pikipiki na ajifunze kwao. Vitu vizito vikae chini na ubavuni, vyepesi juu, na upande mmoja usiuzidi mwingine. Asafiri na mwenzake ikiwezekana, na afadhali pikipiki zao ziwe za aina moja, ili tyubu na waya wa mmoja umfae mwingine, na kamba moja itoshe kwa kuvutana.

Achague pia majira. Mvua za masika huanza mwezi wa Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Katika miezi hiyo Chalbi si mahali pa kuchezea. Na kila mahali alalapo, aulize polisi na wazee habari za mbele kabla ya kuondoka, kwa sababu wizi wa mifugo bado huleta mapigano katika baadhi ya sehemu, na habari za jana hazitoshi kwa safari ya leo. Aache jina lake, njia atakayopita na siku atakayofika, ili asipotokea, atafutwe. Leseni, bima, helmeti na koti la kung'aa ni sheria, navyo havina haja ya maelezo.

Msomaji atakuwa ameona kwamba hakuna pikipiki moja inayowafaa watu wote. Mwalimu aliyehamishiwa Kalacha, mwenye sanduku moja la vitabu, atafika salama na pikipiki ndogo aliyoizoea, akienda kilomita 150 kwa siku. Mfanyabiashara mwenye mzigo atahitaji yenye nguvu kidogo. Mwenye fedha nyingi aweza kununua kubwa, lakini na apate wenzi wawili wa kumsaidia kuinua. Kila mmoja wao na ajiulize maswali matatu tu mbele ya mwenye duka: Je, naweza kuiinua peke yangu? Je, itanifikisha penye petroli na maji? Je, ikifa Baragoi, nani atakayeifufua? Pikipiki itakayojibu maswali hayo matatu vizuri ndiyo ya kununua, hata kama rangi yake haipendezi.